Kiti Kwanza, Biblia Baadaye: Mwongozo Kamili wa Huduma ya Kiroho Hospitalini, Kutoka Bukavu

Mwaka wangu wa kwanza hospitalini niliomba juu ya mzee mmoja karibu nusu saa. Niliikemea homa, nikasoma zaburi tatu kwa kichwa, jasho likanitoka. Wodi nzima iliitikia amina. Nilipofumbua macho, mzee alinishika mkono, akanivuta karibu, akaninong'oneza: "Asante, Pasta. Sasa nisaidie ile chupa ya mkojo, iko chini ya kitanda." Alikuwa amebanwa tangu nilipoingia. Hakutaka kumkatiza mtumishi wa Mungu.

Karibu yote ninayoyaandika hapa yametoka kwenye chupa ile.

Nawaandikia wachungaji, makatekista, mashemasi, masista, na akina mama wa vikundi vya kutembelea wagonjwa, wale ambao Jumapili baada ya ibada wanapanda moto (pikipiki) kutoka Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu huku mashariki mwa Kongo, wakiwa na Biblia na termosi ya uji. Namwandikia pia yule aliyepewa barua na kanisa lake kwamba kuanzia mwezi ujao yeye ndiye kapelani (omonie, kama tunavyotamka huku kwa mdomo wa Kifaransa), na hakuna aliyemweleza kapelani anafanya nini.

Neno kidogo juu ya teolojia yenyewe

Chuoni wengi wetu tulidhani teolojia ya vitendo ni somo la kupumzikia baada ya Kigiriki: jinsi ya kuendesha harusi, kuzika, kushika kipaza sauti. Friedrich Schleiermacher, Mjerumani, mwaka 1811 aliiita taji la masomo yote ya teolojia. Mimi nisingesema taji. Ningesema mlango wa jikoni, mahali ambapo chakula kinatoka na majivu yanatoka.

Aliyenifaa zaidi ni Anton Boisen, mchungaji Mmarekani ambaye mwaka 1920 alilazwa yeye mwenyewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipopona alirudi hospitalini kama kapelani, na mwaka 1925, huko Worcester katika jimbo la Massachusetts, alianza kuwaleta wanafunzi wa teolojia kwa wagonjwa. Aliwaambia mgonjwa ni hati iliyo hai, asomwe kwa uangalifu uleule tunaosomea Maandiko. Angalia alivyopanga mambo: wanafunzi hawakuletwa kuhubiri, waliletwa kusoma. Sehemu kubwa ya mafunzo ya makapelani duniani leo imechipuka hapo.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, na ujue ruhusa hiyo ni ya nini

Huku kwetu hospitali nyingi zina kanisa mgongoni. Panzi, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, iko chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC. Nyingine ziko mikononi mwa jimbo kuu Katoliki. Kwa hiyo mtumishi hudhani mlango ni wake. Sivyo. Jina la kanisa lililoandikwa getini halikuambii lolote juu ya imani ya aliyelala kitanda cha saba.

Beba barua ya kanisa lako kwa daktari mkurugenzi, kisha uende kwa mkuu wa wauguzi, maana huyo ndiye mwenye nyumba hasa. Muulize saa ambazo madaktari wanapita wodini (usiingie saa hizo), wodi ambazo hutaruhusiwa, na nani umpigie ukiona jambo la hatari. Omba baji yenye jina lako. Usivae koti jeupe hata wakikupa: mgonjwa atakuuliza majibu ya damu yake, na siku moja utajikuta umejibu.

Ukishavaa baji, kwa saa zile unazokuwa ndani wewe ni kapelani wa wote. Hukuja kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye ndoo ya mwenzako. Mgonjwa wa kanisa lingine akikuambia anataka kuhamia kwako, mwambie mtalizungumza akiwa amesimama kwa miguu yake.

Mafuta ya upako ya kuuza, kipaza sauti, bahasha za sadaka: viache nyumbani.

Hatua ya 2: Mikono

Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa mjini Goma alikuwa mchungaji. Alikuwa ametoka Butembo kuhubiri, na huko aliwawekea watu mikono, wagonjwa wakiwemo. Simlaumu, ndivyo tulivyofundishwa sote. Mlipuko ule, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200. Kisha Septemba 2023 aina mpya ya mpox ikagunduliwa Kamituga, humuhumu mkoani kwetu, nayo hupita ngozi kwa ngozi.

Nawa kabla ya kila kitanda na baada yake. Si kabla ya kila wodi, ni kila kitanda. Biblia yako isipite mikononi mwa wagonjwa kumi, soma wewe. Padri anayepaka mafuta atumie pamba, kipande kipya kwa kila mgonjwa. Wodi ya kifua kikuu, vaa barakoa. Kwenye chumba cha kutengwa simama mlangoni au dirishani, mwite mgonjwa kwa jina, zungumza naye hapo. Sala haihitaji ngozi. Yule akida wa Kafarnaumu aliomba neno tu, na mtumishi wake alipona akiwa mbali.

Ukiwa na mafua, baki nyumbani.

Hatua ya 3: Anza na muuguzi

Kabla ya kusogelea kitanda chochote, nenda kwenye meza ya wauguzi. "Dada, habari za zamu? Leo niwaone akina nani?" Swali hilo fupi litakuokoa mara nyingi. Utaambiwa nani anakwenda kupasuliwa mchana na hapaswi kuweka kitu mdomoni; ukimpa komunyo na kikombe cha maji bila kuuliza, umeahirisha operesheni yake. Utaambiwa nani amefiwa usiku, nani hasikii sikio la kushoto, na nani bado hajaelezwa jina la ugonjwa wake. Hilo la mwisho usiwe wewe wa kulitoboa. Mgonjwa akikuuliza, "Pasta, wamesema ni kansa?", mjibu: "Hilo daktari ndiye analijua. Unataka nikamwite, nami nikae hapa wakati anakueleza?"

Uliza pia lugha. Kiswahili kinatuunganisha, lakini bibi aliyeteremka kutoka Walungu analia kwa Mashi, na aliyeletwa kutoka Shabunda anaota kwa Kirega. Mtafute mlinzi wa mgonjwa, yaani ndugu anayelala chini ya kitanda, akusaidie. Ila kama jambo ni la siri ya mwanamke, usimtumie mumewe kama mkalimani.

Hatua ya 4: Kiti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami nitakaa kidogo.

Ukifika, simama miguuni pa kitanda, mahali anapokuona bila kugeuza shingo. "Jambo, mama. Mimi ni Pasta wa hapa hospitalini, napita kuwasalimia. Naweza kukaa kidogo?" Halafu ngoja jibu kweli. Mgonjwa kutwa nzima anachomwa sindano, anafunuliwa, anaamshwa, na hakuna anayemwomba ruhusa. Wewe huenda ndiye mtu wa kwanza siku hiyo ambaye anaweza kumwambia hapana. Akikataa, sema asante, mtakie usiku mwema, uende. Wengine walinikataa mara tatu, na mara ya nne wakaniita wenyewe.

Akikubali, kaa. Usikae kitandani. Vuta kiti cha plastiki au ndoo iliyofunikwa, macho yenu yawe usawa mmoja. Dakika tano ukiwa umekaa, mgonjwa huziona kumi. Kumi ukiwa umesimama, huziona mbili. Biblia ibaki mfukoni. Ukiitoa mapema, mgonjwa anavaa uso wa kanisani, na utakachosikia kuanzia hapo ni majibu ya darasa la ubatizo.

Haya ni mazungumzo niliyoyaandika jioni moja, nikiwa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mama yule:

— Pasta, niombee tu nipone.

— Nitaomba, mama. Usiku ulikuwaje?

— Usiku... sikulala.

— Hukulala.

— Watoto wako kwa jirani. Watatu. Nilisema siku mbili, leo ni siku ya kumi na moja.

— Siku kumi na moja.

— Yule jirani naye ana wake watano. Bugali atatoa wapi?

Sikufanya ufundi wowote. Nilirudisha neno lake la mwisho, nikanyamaza. Lakini ombi la kupona lilikuwa kifuniko tu, na chini yake kulikuwa na sufuria ya jirani isiyotosha. Kama ningeomba palepale mwanzoni, ningeombea tumbo lake, nikaondoka, na watoto watatu wasingeingia hata kwenye sala.

Kunyamaza ndiko kugumu kwetu wahubiri. Tumezoea kwamba kimya ni hitilafu ya umeme. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Walipofungua midomo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia kwa maneno yao.

Yako maneno ambayo mimi nimeyafungia kabisa. "Usilie." "Ni mapenzi ya Mungu." "Mungu alimpenda zaidi." "Ukiwa na imani utapona", maana asipopona umemwachia ugonjwa na hatia juu yake. "Hata mimi niliugua hivyo hivyo." Badala yake sema kidogo: "Pole, mama." "Hilo ni zito." "Nakusikia." Pole ya Kiswahili ni neno zima, halihitaji kuongezewa mkia wa mahubiri.

Wodi zetu hazina mapazia, na kitanda cha jirani kina masikio. Punguza sauti. Ukiona jambo linakuwa la ndani, muulize muuguzi kama mnaweza kuhamia kwenye benchi la nje, au mwombe mlinzi wa mgonjwa ashike kikwembe (kitenge) kama ukuta. Dakika kumi na tano zinatosha. Ukisema utarudi kesho, rudi kesho. Kama huna hakika, usiseme.

Hatua ya 5: Sikiliza maumivu ya aina gani

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa jamii, kisha daktari, na aliyefungua nyumba ya St Christopher's London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wa mwisho, alifundisha kwamba maumivu ya mtu ni ya jumla: mwili, moyo, jamaa na roho vyote vimefumwa pamoja. Ukivuta uzi mmoja, kikapu kizima kinasogea. Ndiyo maana sindano ya maumivu wakati mwingine haishiki. Mama wa siku kumi na moja alilala usiku ule baada ya mhudumu wa jamii kumpigia jirani yake simu. Dozi ya dawa haikuongezwa.

Upo mpangilio wa maswali uliotungwa mwaka 1996 na daktari wa Marekani, Christina Puchalski, unaofuata mambo manne: imani, uzito wake katika ugonjwa huu, jumuiya ya mtu, na jinsi ya kumhudumia. Usiyasome kama karani wa sensa. Kwa lugha ya kwetu mimi huyatawanya hivi: "Mama, mambo yakiwa magumu hivi, nini kinakushikilia?" Baadaye: "Na ugonjwa huu, umekuvuta karibu na Mungu au umekusukuma?" Kisha: "Nani wa kanisani au msikitini anajua uko hapa?" Na mwisho: "Ungependa nikufanyie nini mimi?" Lile la pili usiliogope. Nimeambiwa, "Nimemkasirikia." Mtu anayemkasirikia Mungu bado anazungumza naye. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, wala hakuna mhariri aliyeiongezea haleluya. Ukifika kitanda kama hicho, soma hiyo.

Hatua ya 6: Sala, sasa

Uliza: "Tuombee nini?" Atakushangaza. Wengine wanataka kuombewa mbuzi.

Tumia maneno yake mwenyewe, taja majina aliyoyataja, omba kwa sauti ya mtu aliye karibu na aliyelala. Dakika moja au mbili. Usiahidi kwa niaba ya Mungu tarehe ya kutoka hospitalini. Kama bibi anamwita Mungu Nyamuzinda, mwite Nyamuzinda; hilo ndilo jina ambalo mama yake alimwombea nalo.

Mkatoliki akiomba Mpako wa Wagonjwa, mwite padri. Mlei au mchungaji hawezi kuutoa, na usijaribu kumridhisha kwa mafuta yako. Usingoje pia hadi anapokata roho: Yakobo 5:14 inamzungumzia mgonjwa awaitaye wazee, si maiti. Mwislamu, muulize kama umwite imamu au jamaa. Akikaribia mwisho, wenzake watapenda kumlaza akielekea kibla, na kutoka Bukavu hiyo ni kaskazini ikielemea kidogo mashariki, takriban upande wa ziwa. Wasaidie kugeuza kitanda. Mkimbangu, muumini wa kanisa la nabii Simon Kimbangu, anaweza kuwa na maji ya Nkamba, mahali pao patakatifu, kando ya mto wa kulalia. Usiyadharau, ila mwambie muuguzi kama anayanywa. Shahidi wa Yehova anayekataa damu, mwite daktari azungumze naye kwa utulivu. Wewe si polisi wa daktari wala wakili wa mgonjwa. Asiye na dini naye ana haki ya kiti.

Hatua ya 7: Karuho, wachawi, na chumba cha maombi

Mgeni asiyejua Bukavu ataruka hatua hii. Mwenyeji hawezi.

Mtu anakonda, anakohoa, tumbo limevimba. Ndugu wanainama wanakwambia kwa sauti ya chini: "Pasta, huu si ugonjwa wa hospitali. Ni karuho. Alilishwa." Yaani wanaamini amelishwa sumu kwa uchawi. Wanataka ufanye moja kati ya mawili: uthibitishe, au umtaje aliyelisha. Usifanye lolote kati ya hayo. Ukithibitisha, kesho kuna mama mkwe atakayepigwa mawe. Ukicheka, mgonjwa atahamishwa usiku kupelekwa kwa mganga anayetapisha watu, na atakauka maji njiani.

Mimi huuliza: "Mlianza lini kuogopa?" Halafu: "Kabla ya ugonjwa, nyumbani kulikuwa na nini?" Mara nyingi sana hujitokeza shamba la urithi, mahari isiyomalizika, kijana aliyefanikiwa akawasahau wenzake. Masamba ma Mpolo, mwanateolojia wa kwetu Kongo, alitumia miaka mingi kufikiri juu ya uchungaji wa watu wanaoamini wamerogwa. Hakuwacheka, na hakumtazama mgonjwa peke yake. Aliitazama familia nzima. Tuhuma ya uchawi ni barua. Haielezi vizuri tumbo, lakini inaeleza vizuri sana ukoo. Uisome hivyo, kisha uwakutanishe walio tayari kukutana.

Na kama kweli kuna dalili mtu amekunywa dawa ya wadudu au sumu ya panya, hilo si suala la kiroho hata chembe. Kimbia kwa daktari. Sumu ipo. Mwambie wazi ulichosikia.

Sasa chumba cha maombi. Kila mtaa unacho kimoja, na baadhi vinaongozwa na watu wema wenye machozi ya kweli. Lakini nimeona mgonjwa wa sukari ameachishwa insulini kwa unabii. Nimeona mama mwenye VVU aliyeambiwa "umefutwa kwenye orodha" akatupa vidonge, akarudi baada ya miezi akiwa mifupa. Sigombani na nabii mbele ya mgonjwa, maana nikishinda nampotezea mgonjwa uso. Namfuata nabii kwake, tunakaa, ninamfungulia 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, na Isaya aliyeleta jibu la Mungu ndiye huyohuyo aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mkatoliki namsomea Yoshua bin Sira 38, penye kumheshimu tabibu. Wawili kati yao leo hunitumia wagonjwa wao mapema. Mmoja hanisalimii tena.

Familia zikikuita kabla ya kutia sahihi ya kupasuliwa au kukatwa mguu, kumbuka wanatafuta baraka, si ushauri wa upasuaji. Sema: "Mungu anaweza kupita mikononi mwa daktari. Muulizeni daktari yote mnayoogopa, nami nitakuwepo." Saa moja ya kusitasita kwenye chumba cha uzazi inaweza kumaliza wawili.

Hatua ya 8: Vitanda ambavyo haviwezi kungoja

*Aliyebakwa.* Kama amekuja kwako kwanza, kanisani au nyumbani, saa inahesabu: dawa ya kuzuia VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Usimwombe akusimulie. Mwambie, "Nakuamini. Si kosa lako. Twende wote," na umfikishe kwa muuguzi siku hiyohiyo, pamoja na mwanamke anayemwamini. Panzi imejenga huduma yake juu ya nguzo nne: tiba, moyo na jamii, sheria, na kujitegemea kiuchumi, mchungaji hachukui nafasi ya yoyote kati ya hizo. Usimhimize asamehe. Ukiwa mwanamume, kaa mbali kidogo, usimguse, mlango uwe wazi. Na kanisani usiutaje mkasa wake hata kwa mafumbo, watu wetu ni mabingwa wa kufumbua.

*Mtoto mchanga.* Muulize mama imani yake kabla ya kuchukua maji. Kwa Wakatoliki, mtoto aliye hatarini abatizwe bila kukawia, na yeyote anaweza kumbatiza akiwa na nia inayotakiwa, akimwagia maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Aliyekwisha kufa habatizwi, bali huombewa. Kwa Wabatisti na Wapentekoste, mtoto huombewa na kuwekwa mikononi mwa Mungu. Vyovyote vile, uliza: "Umemwita nani?" Andika jina hilo kwenye kikaratasi na umpe mama. Watu watamwambia atazaa mwingine. Wewe usiseme hivyo.

*Asiyetaka kuishi.* Akisema "bora nife tu", muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake hata dakika, na muuguzi ajue.

*Anayekufa.* Ita jamaa mapema. Habari ya kifo aitoe daktari; wewe baki baada ya daktari kuondoka, maana swali la kweli linakuja dakika ya kumi. Kwa watoto sema "amekufa", usiseme "amelala", wasije wakaogopa kulala. Kilio kikipanda usikizime, kitafutie mahali: uwani, nyuma ya jengo, mbali na wanaopigania pumzi. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza na mwili utazikwa na timu maalumu, pigania mambo mawili: ndugu waone uso kwa umbali salama, na sala isomwe kwa jina lake. Wakati wa Ebola, mazishi yaliyonyimwa haya ndiyo yaliyofanya timu zirushiwe mawe.

Hatua ya 9: Deni

Nchini kwetu mgonjwa aliyepona lakini asiyeweza kulipa mara nyingi anabaki wodini mpaka ndugu walete pesa. Utawakuta: wamevaa nguo za nyumbani, mtoto ana wiki tatu, kitanda wamekwisha nyang'anywa, wanalala koridoni. Watakutazama wewe.

Siku moja nilitoa mshahara wangu wote kumkomboa mmoja. Kesho yake walikuwa saba mlangoni, na mke wangu hakuwa na la kupika. Tangu hapo nafuata Luka 10, ambako Msamaria alifanya hesabu nzuri kuliko sisi tunavyohubiri. Dinari mbili hakumpa majeruhi, alimpa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipia kitakachozidi atakaporudi. Kwa hiyo: kanisa liwe na mfuko, mfuko uwe na watu watatu wenye sahihi, pesa zilipwe kwa kasha (dirisha la malipo la hospitali) na risiti ikatwe, na mhudumu wa jamii wa hospitali ndiye apange nani anatangulia. Wewe usishike hata faranga. Usimtoroshe mtu usiku. Muuguzi wa zamu ndiye atakatwa mshahara. Lakini pia usinyamaze. Kikao cha hospitali kikikuruhusu kusema, uliza kwa heshima kila mwezi wako wangapi koridoni na tangu lini.

Hatua ya 10: Siri na kaye

Uliloambiwa kitandani haliendi kwenye sala ya pamoja Jumapili, haliendi kwenye kikundi cha WhatsApp, na picha ya mgonjwa haipigwi hata akiwa anatabasamu. Isipokuwa maisha yake au ya mtoto yawe hatarini. Hapo unamwambia anayehusika, na unamwambia mgonjwa kwamba utasema.

Lakini andika. Nunua kaye, yaani daftari, ya kurasa mia, iweke kabatini na ufunguo. Mara moja kwa wiki chagua ziara moja, uandike mazungumzo neno kwa neno kadiri unavyokumbuka, bila jina, hata pale ulipojikwaa, hasa pale. Kisha jiulize maswali manne ambayo wanateolojia wa vitendo hupenda: nini kilitokea? Kwa nini kilitokea hivyo? Imani yetu inadai nini hapa? Nifanye nini kesho? Ukiyajibu kwa haraka, umedanganya kwenye la pili. Msomee mwenzako mmoja unayemwamini, awe na ruhusa ya kukuuliza, "Kwa nini uliomba pale? Nani alikuwa anaogopa, yeye au wewe?" Swali hilo niliulizwa na sista mmoja, na nilikasirika siku mbili.

Mwisho wa zamu

Usiende moja kwa moja nyumbani. Nawa, kaa dakika tano mahali penye hewa, wataje mbele za Mungu uliowaona. Mimi hushuka hadi ziwani nikatazama mitumbwi ya wavuvi. Siku moja kwa wiki usiingie hospitalini kabisa, hata ukipigiwa. Mfundishe mwenzako wa pili ili simu iwe na pa kwenda.

Mgonjwa akitoka, mwombe ruhusa ya kumjulisha kiongozi wa kanisa au msikiti wake, umpigie akiwa anasikia, na mpange nani atamtembelea wiki ya kwanza. Kisha mbebee termosi hadi getini, na umsaidie kupatana bei na mtu wa moto, maana wakiona bendeji wanapandisha.